Damu ya Loishiye

Inspekta Hafidha alikuwa na ugonjwa mmoja kazini: faili likinyooka sana, hapati usingizi. Na faili la kifo cha Loishiye lilikuwa limenyooka mpaka linatia kichefuchefu. Marehemu mwenye malori na nyumba ya matofali Olasiti. Mke aliyempa uji alfajiri. Mume aliyekufa kabla bakuli halijapoa. Chupa ya dawa nyeusi jikoni. Juu ya yote hayo, karatasi ya daktari inayosema moyo wa marehemu haukuwa na neno. Sasa mtu atafute nini tena? Mkuu wake wa upelelezi alishamaliza kazi kwa kalamu nyekundu juu ya jalada: mtuhumiwa afikishwe mahakamani kesho.

"Kesho asubuhi na mapema," alirudia mkuu huyo, amesimama mlangoni na koti lake zito la baridi ya Julai. "Ukoo wa marehemu umejaa hapo nje utadhani matanga yamehamia polisi. Wanataka haki yao."

"Majibu ya mkemia kutoka Dar bado hayajafika, afande."

"Yatatukuta hukohuko mahakamani."

Hafidha aliyajua maneno hayo na alijua mwisho wake. Kesi ya mauaji haina dhamana. Silantoi, mke wa marehemu, akishasomewa shtaka kesho, atapanda karandinga kwenda gerezani, na hapo atasubiri mpaka watoto wake wawe na watoto wao. Akionekana hana hatia baadaye, nani atamrudishia hiyo miaka? Ilibaki siku hiyo moja tu.

Alifungua kabati la vidhibiti akaitoa ile chupa. Ilikuwa chupa ya bia iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani mlikuwa na maji meusi ya magome. Ukoo ulisema ni sumu, na kila askari aliyeiona aliiogopa, akaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Hafidha alilichomoa gunzi, akanusa. Uchungu wa magome aliutegemea. Lakini kulikuwa na harufu nyingine nyuma yake. Akapitisha kidole kwenye shingo ya chupa, ndani, na kidole kikatoka kinateleza. Baridi ilikuwa imeyagandisha mafuta yakafanya duara jeupe. Mafuta ya kondoo. Mtu aliyekulia Ngarenaro jirani na wauza supu hawezi kuikosea harufu hiyo.

"Mleteni Silantoi," alisema.

Silantoi aliletwa, mwanamke mrefu wa miaka arobaini hivi, shuka lake la bluu limekunjamana kwa kulalia sakafu. Hakulia. Alikuwa amelia siku za mwanzo, akamaliza.

"Mama, nyumbani kwako unapikia mafuta gani?"

Silantoi alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mafuta? Afande, kwangu mafuta yaliingia mara ya mwisho kabla mume wangu hajaenda India. Miaka mitatu sasa. Maharage ya kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, ugali. Maziwa tunaengua utandu wote. Daktari alisema mafuta ndiyo yaliyoziba mishipa ya moyo wake, wakampasua kifua, wakachukua mshipa wa mguuni wakaupandikiza ili damu ipite pembeni. Akasema na huo mshipa mpya ukila mafuta utaziba vilevile. Mimi nikasema basi, hayaingii."

"Na wewe ulikuwa unakula nini?"

"Hichohicho. Sahani moja. Ningekulaje nyama mbele yake? Watoto nao wakazoea. Majirani wakaniita mke wa Msabato."

"Hii chupa?"

"Alikuja nayo yeye siku moja kabla ya kufa, jioni. Akasema ni dawa ya mgongo, nisiiguse. Sikuigusa." Akaongeza kwa sauti ya mtu aliyechoka kurudia: "Alirudi hajisikii vizuri. Hakutaka chakula. Alfajiri nikamkorogea uji, akanywa vijiko viwili, akashika kifua. Nimewaambia wote. Hakuna anayeniamini."

"Alirudi kutoka wapi?"

"Terrat. Anakwenda kila baada ya miezi michache kuangalia mifugo kwa kaka yangu. Kaka yangu Lomnyaki ndiye anayeichunga. Muulize, yupo hapo nje, ananiletea chai kila siku. Bila yeye ningekufa humu ndani."

Kweli alikuwepo. Hafidha alimpita kaunta akitoka: mwanamume mwembamba, mrefu kama dada yake, amekaa kwenye benchi na chupa ya chai miguuni, mkono wa kushoto umeshika fimbo. Kidole cha shahada cha mkono huo kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Alisimama kwa heshima inspekta alipopita, akauliza kama dada yake amekula.

"Amekula," Hafidha alimjibu, akatoka.

Alianza na Najim, kwa sababu minong'ono ya mjini ilimtaja. Najim alikuwa mbia wa marehemu kwenye malori, na watu husema mbia akifa, mbia hurithi. Alimkuta mtaa wa Sakina, kwenye gereji ya barabara ya Nairobi, amelala chini ya lori miguu ikitokeza nje.

"Siku ile nilikuwa Namanga," Najim alisema akijivuta kutoka uvunguni, oili mpaka kwenye nyusi. "Lori limekamatwa na forodha, mimi nalala humohumo kwenye kichwa cha gari nalilinda. Waulize forodha, wananijua kwa matusi niliyowatukana. Halafu niue nini, afande? Wateja wote walikuwa wa Loishiye. Mimi najua spana, yeye alijua watu. Tangu afe, gari mbili zimelala hapa kama mizoga."

Hafidha aliwapigia forodha simu kutoka duka la jirani, na forodha walithibitisha Najim pamoja na matusi. Njia hiyo ikafa hapo. Alikuwa anageuka aondoke, Najim akacheka peke yake, kicheko cha huzuni.

"Nini?"

"Namkumbuka tu. Sikukuu ya Idi alikuwa anakuja kwangu, hagusi pilau. Anakula chungwa, anakwenda zake. Nikawa namtania: ndugu yangu, wewe unakula majani kama mbuzi, mbona tumbo linakuja mbele? Suruali za India zote zimemkataa. Akaniambia ni upepo."

"Upepo."

"Ndivyo alivyosema, wallahi."

Upepo gani huo wa kunenepesha? Hafidha alilibeba hilo neno mpaka hospitali ya misheni, kwa Dokta Anande Sumari, Mmeru wa makamo aliyemfuatilia Loishiye tangu arudi kutoka Madras, huko India. Huyu ndiye aliyeandika ile karatasi. Alimpokea Hafidha kwa uungwana, lakini ilionekana wazi hakupenda kuulizwa mara ya pili jambo aliloliandika mara moja.

"Mafuta yaliyo ndani ya damu, inspekta, ndiyo yanayotabiri," alisema. "Ukitaka kujua aliyepandikizwa mishipa atakuwa wapi baada ya miaka kumi, usimtazame usoni. Tazama damu. Mafuta mabaya yakiwa mengi, mshipa mpya unaziba na yeye anakwenda. Yakiwa machache na mazuri yakiwa mengi, anaishi."

"Na damu ya Loishiye ilisema nini?"

"Ilisema atanizika mimi. Miaka mitatu, kila kipimo safi. Nilikuwa nawaambia wagonjwa wengine, kamuigeni Loishiye. Ndiyo maana nilipoulizwa kama moyo ndio uliomuua, nikasema siamini. Kwa damu ile, hapana. Wakachukua ini na utumbo kutafuta sumu, mwili ukazikwa."

"Moyo hukuufungua?"

Dokta alirekebisha miwani. "Sikuona sababu."

"Damu yenyewe ulikuwa unaitoa hapa?"

"Hapana. Hatuna mashine ya vipimo hivyo, inakwenda Nairobi. Inatakiwa itolewe asubuhi mgonjwa hajala, iwekwe kwenye barafu, ipande basi la kwanza. Tangu serikali iruhusu zahanati za watu binafsi, kuna moja Sakina pale mabasi yanaposimama. Naandika karatasi, mgonjwa anakwenda nayo, nesi anatoa damu, basi linaondoka. Kazi safi."

"Dokta, vipimo vyote vilikuwa vizuri?"

"Vyote vya maana."

"Na visivyo vya maana?"

Hapo ndipo daktari alipositasita, na Hafidha akamwona. Nje mwuguzi alikuwa anaita majina ya wagonjwa, na mtoto mmoja alikuwa anakataa sindano kwa sauti ya kanisa zima.

"Kuna kimoja," Dokta Sumari alisema hatimaye. "Kinaitwa lipoprotini a. Ni aina ya mafuta ambayo mtu hurithi kwa wazazi. Nacho kinatabiri: kikiwa juu, mishipa ya kupandikiza huziba mapema. Lakini sikukitilia maanani kwa sababu hakitibiki. Hata ule majani mwaka mzima, hakishuki. Hata unywe samli, hakipandi. Unazaliwa nacho, unazikwa nacho."

"Kama kimo cha mtu."

"Hasa. Kama kimo."

"Na cha Loishiye kilikuwaje?"

"Ndiyo hapo. Madras, kabla hawajampasua, kilikuwa juu sana. Damu ya kwanza kutoka Sakina, kiko chini. Ya pili, katikati. Ya tatu juu, lakini si kama ya Madras. Ya nne chini tena, chini kabisa. Nikasema hawa wa Nairobi mashine yao imechoka."

"Mashine hiyo ilikosea na kwa wagonjwa wako wengine?"

Dokta alisogeza kiti nyuma. Akainuka, akavuta droo, akapekua. Alipekua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama anayetafuta mahali pa kuficha uso.

"Hapana," alisema. "Kwa wengine kimekaa palepale."

"Dokta, mimi si msomi wa damu," Hafidha alisema. "Lakini fundi nguo akinipima leo, kesho, na keshokutwa, na kila mara kimo ni kingine, mimi polisi sisemi futi ni mbovu. Nasema wamepita watu tofauti."

Dokta Sumari alikaa kitini polepole. Hafidha alimwona mtu mzima anavyotambua amefanywa mjinga miaka mitatu, tena na nani? Na mgonjwa wake kipenzi.

"Nilimtoa mfano kwa watu," alisema. "Nilimsifu mbele ya mkewe. Nikamwambia mama, hii ni kazi ya mikono yako." Akapiga meza kwa kiganja. "Mshenzi yule! Na karatasi yangu ndiyo iliyomtia mkewe ndani."

"Ndiyo, dokta. Ndiyo hiyo."

Hakumpunguzia. Alichukua picha ya marehemu kutoka kwenye faili lake, akarudi Sakina.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vilivyopakwa chokaa, baina ya fundi wa tairi na duka la mitumba. Nesi aliitwa Ummy, binti wa Tanga, mchangamfu, mwenye hina mikononi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unamkumbuka mzee Loishiye? Anakuja asubuhi na karatasi ya Dokta Sumari."

"Mzee Loishiye! Namkumbuka sana. Amekufa maskini, nimesikia wamemlisha sumu."

Hafidha aliweka picha juu ya meza. Ummy akaichukua, akaitazama kwa ukaribu, akaitazama kwa mbali. "Huyu nani?"

"Loishiye."

"Siye."

"Mwenzangu, mkewe amelala naye miaka ishirini. Ndiye."

"Basi huyu sijawahi kumtoa damu." Ummy alianza kuhangaika. "Afande, sikudanganyi. Asubuhi hapa ni vurugu, basi linapiga honi, dereva anatukana. Mzee anaingia, shuka jekundu, masikio yametobolewa, ananipa karatasi ya daktari, imeandikwa Loishiye. Nitasema siye? Mimi naangalia karatasi, nafunga mpira, natoa damu. Wazee wa Kiarusha mimi mgeni nawaona wote sawa. Mungu anisamehe."

Akili ya karatasi hiyo! Hafidha alitaka kumkaripia, akakumbuka kuwa yeye mwenyewe ana mkuu wa kazi anayesoma karatasi bila kutazama uso.

"Huyo wa mwisho, miezi mitatu iliyopita. Hakuna hata kitu kimoja unachokikumbuka?"

Ummy alifumba macho. "Mshipa wa kulia ulinikimbia, nikahamia mkono wa kushoto. Nikamwambia mzee kunja ngumi. Akakunja, nikaona kidole hiki hapa hakina ncha. Nikamuuliza, pole mzee, umefanyaje? Akasema kamba ya dume la ng'ombe ilimkata akiwa kijana. Tukacheka."

Hafidha hakucheka. Alirudi kituoni mbio mpaka viatu vikamuuma.

Lomnyaki alikuwa bado kwenye benchi. Chupa ya chai ilikuwa tupu sasa. Hafidha alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akaweka ile chupa nyeusi katikati ya meza.

"Mzee Lomnyaki, hii ni nini?"

"Dawa."

"Sumu?"

"Siyo sumu. Ni magome tu, tunachanganya kwenye supu." Alisema haraka, kisha akatambua ameshasema.

"Tunachanganya, wewe na nani?"

Lomnyaki aligeuza macho kwenye mlango.

"Mkemia hajajibu. Ukoo unasema ni sumu ya dada yako. Kesho atasomewa mauaji."

Lomnyaki alinyoosha mkono. "Nipe ninywe mbele yako, uone kama nitakufa."

"Kidhibiti hakinywewi. Weka mkono chini." Hafidha aliukodolea macho ule mkono wa kushoto. "Mkono huo nesi wa Sakina anaujua. Anaujua kwa jina la Loishiye."

Mzee aliurudisha mkono ndani ya shuka, lakini alikuwa amechelewa.

"Ni mambo ya orpul," alisema. "Mambo ya orpul hayasemwi mbele ya mwanamke."

Hafidha aliijua orpul kwa kusikia, kama kila mtu wa Arusha. Wanaume wa rika moja huingia korongoni mbali na wanawake, wanachinja, wanakula nyama na kunywa supu ya mafuta na miti mpaka aliyekuwa mgonjwa asimame imara. Ni dawa ya mababu, na ni heshima. Kwa aliyepasuliwa moyo ni kaburi.

"Haya. Mbele ya mwanamke huwezi," alisema. "Mwanamke huyo huyo aliyezaliwa tumbo moja na wewe anaweza kunyongwa kwa ajili ya nyama mliyokula nyinyi. Hilo unaliweza?"

Lomnyaki aliinamisha kichwa. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo, na hakuacha mpaka mwisho.

"Alirudi kutoka India amekonda, mwanamke anamlisha maharage kama mfungwa. Sisi rika lake tukaona haya. Mwenzetu amechinjwa kifua, amemwaga damu kwa watu wa mbali, na sisi tumekaa? Tukampeleka korongoni Terrat, tukamchinjia. Akapata nguvu, afande! Akacheka, akaimba. Basi tukawa tunampeleka kila mara. Halafu akasema daktari anapima damu, mafuta yakionekana mke atajua, atapiga kelele, haji tena. Tukakaa tukasema, kwani shida iko wapi? Sisi tunatembea na ng'ombe mchana kutwa, mafuta hayatukai mwilini. Rika ni mtu mmoja. Damu yake ni yangu, yangu ni yake. Hatukuona kama ni uongo."

"Kwa hiyo ukaenda wewe."

"Tulikwenda kwa zamu. Mzigo wa rika haubebwi na mmoja, hiyo ni aibu. Kila mara mwingine."

Ndiyo hiyo zamu yao. Angekwenda mtu mmoja mara zote, kile kipimo cha kurithi kingekaa mahali pamoja, daktari asingeona kitu, na Hafidha kesho angemfunga pingu mwanamke asiye na kosa. Uungwana wao wa kugawana mzigo ndio uliowaumbua.

"Mlichinja nini?"

"Kondoo."

"Wa nani?"

"Wa Silantoi," alisema. "Wale ninaomchungia."

"Alijua?"

"Nilimwambia ukame umewamaliza."

Hasira ilimpanda Hafidha, akajilazimisha kuandika maelezo neno kwa neno, kwa sababu kazi ni kazi.

"Siku ya mwisho."

"Tuliamka naye korongoni, akasema kifua kinambana. Tukasema ni njaa, tukampa mafuta zaidi. Hakupoa. Jioni nikamleta Olasiti. Getini akashindwa kunyooka, anashika hapa." Akajigusa kifuani. "Akaniambia niingie nimwambie Silantoi ukweli, wampeleke hospitali. Nikamwambia ingia mwenyewe, sema dawa ya mgongo. Nikampa chupa, nikaondoka."

"Kwa nini hukuingia?"

"Nilikuwa nanuka nyama, afande. Niliogopa dada atanusa."

"Na hizi siku zote umekaa hapo kwenye benchi unamletea chai."

"Nilikuwa namhurumia."

"Unamhurumia!" Hafidha alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wanavyosema, lakini sikuwahi kukiona kikileta chai! Weka dole gumba hapa. Na hapa."

Mkuu wa upelelezi alisoma maelezo amesimama, akakaa, akayasoma tena. Dokta Sumari naye alikuja kwa miguu yake mwenyewe na taarifa mpya: damu zile si za marehemu, maoni yake ya mwanzo anayafuta, na kwa mafuta ya miaka mitatu na damu ya Madras, moyo ulikuwa na kila sababu ya kusimama. Wazee wawili wa rika walioitwa hawakukana. Walikunywa chupa ileile na wako hai. Mkuu akatoa kalamu ileile nyekundu, akakata maneno yake mwenyewe.

"Mwachieni," alisema. "Ndugu yake amdhamini kwa saini, aendelee kuripoti mpaka mkemia ajibu."

Hafidha alimwita Silantoi ofisini amwambie mwenyewe, kwa sababu habari kama hiyo haifai kusikiwa kaunta. Alimwambia yote, bila kuficha: korongo, damu ya zamu, kondoo, geti. Alitegemea kilio. Silantoi alisikiliza mikono imelala mapajani, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kukauka.

"Kwa hiyo sitafungwa," alisema.

"Hutafungwa."

"Na alikuwa anarudi kutoka huko, ameshiba, anakaa na mimi anakula maharage." Alicheka kidogo, vibaya. "Alikuwa anasifu. Silantoi, leo umeyapatia. Miaka mitatu! Wanangu wamelia nyama sikukuu zote, nawaambia tumsaidie baba. Afande, angeniambia! Angesema mke wangu, nimeshindwa. Mtu kushindwa nyama si dhambi. Ningempigia kelele, kweli, halafu ningempeleka hospitali. Si angekuwa hai?"

Hafidha alikunja yale maelezo, akayarudisha kwenye faili.

"Yeye alikuwa na kiu ya nyama, namwelewa," Silantoi alisema. "Na amelipa. Lakini huyu wa chai..."

Walitoka pamoja mpaka kaunta. Koplo wa zamu alikuwa amekwishaandaa hati ya dhamana. Ukoo wa marehemu ulikuwa umetawanyika, hakuna aliyebaki hata wa kuomba radhi. Pale kwenye benchi alisimama Lomnyaki peke yake, kofia mkononi, macho chini. Alipomwona dada yake alisogea, akachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi.

"Dada," alisema. "Twende nyumbani."

"Mama, ndugu yako asaini hapa, uende zako," koplo alisema kwa furaha ya mtu anayetaka kufunga kazi. "Huyu ni kaka yako, si ndiyo?"

Silantoi alimtazama Lomnyaki kuanzia miguuni mpaka usoni, taratibu.

"Huyu ni wa rika la marehemu mume wangu," alisema. "Mimi hapa sina ndugu."

"Sasa mama, bila ndugu kusaini siwezi kukutoa. Itabidi urudi ndani mpaka apatikane."

"Basi nifungulie mlango wa mahabusu," alisema Silantoi, akageuka akatangulia.